Je, Bahati Inalipa Deni?

Ndugu msomaji, nina swali ambalo limenikaa kooni kwa miaka mitatu sasa, na nimeona niliweke hapa ukumbini tulijadili sisi vijana wenyewe. Swali ni hili: mtu akifanya jambo baya, halafu kwa bahati tu jambo hilo lisimdhuru mtu, je, ana hatia? Na kama anayo, ni hatia ya nini, wakati hakuna aliyeumia, hakuna aliyelia, wala hakuna aliyekuja kumdai?

Najua wapo watakaosema hayo ni maswali ya watu walioshiba. Hapana, bwana. Mimi swali hili sikulikuta kwanza kwenye kitabu. Nililikuta gereji, chini ya mwembe, mikono imelowa dizeli.

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakaja jinsi yalivyokuja, nikapelekwa kwa fundi mmoja wa magari makubwa hapa Dar es Salaam nikajifunze kazi. Ndoto yangu ilikuwa, na bado ni, kuandika riwaya. Lakini riwaya ambayo haijaandikwa hailipi kodi ya chumba, basi nikashika spana. Fundi wangu tulimwita Mzee tu. Siku moja alikwenda msibani Bagamoyo, akaniachia gereji. Neno lake la mwisho kabla ya kupanda basi lilikuwa hili: "Ikija kazi usiyoiweza, sema huiwezi. Hakuna atakayekupiga."

Saa kumi na moja jioni likaingia lori. Benz la zamani, lile lenye pua ndefu, injini yake ile wanayoiita OM 352, silinda 6 zimejipanga mstari mmoja. Lilikuwa limepakia saruji, safari ya Iringa, usiku ule ule. Dereva akashuka kwa haraka.

"Dogo, Mzee yuko wapi?"

"Shikamoo, kaka. Mzee kaenda msibani."

"Marahaba. Basi njoo wewe. Paipu ya nozeli inavuja hapa. Kaza tu hiyo nati niende zangu, tajiri ananipigia simu kila dakika."

Hapa niombe nieleze kidogo kwa wale ambao hawajawahi kuinama kwenye injini ya dizeli. Injini hii haina plagi za kutoa cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto mkali, kisha mafuta yanarushwa humo kama ukungu, yanawaka yenyewe. Injini ya kwanza ya Rudolf Diesel iliyofanikiwa, iliyofanyiwa majaribio Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, ilipuliza mafuta hayo kwa hewa iliyobanwa na kompresa. Mtambo wa namna hiyo haukubebeka kwenye lori kwa urahisi. Robert Bosch alipoanza kutoa kiwandani pampu zake za dizeli mwaka 1927, ndipo njia ikafunguka kwa malori.

Katika injini kuukuu kama ile, kila silinda ina paipu yake nyembamba ya chuma kutoka kwenye pampu hadi kwenye nozeli. Ukitazama utaona paipu hizo zimepindwapindwa kama nyoka. Si urembo. Zinatakiwa kulingana urefu, ili mafuta yafike kila silinda kwa wakati wake. Ndani mna tundu dogo lisilozidi sana unene wa njiti ya kiberiti, lakini nguvu inayopita humo usiifanyie mchezo: nozeli za injini ya aina ile hufunguka kwenye bar 200 hivi. Tairi la lori, na ugumu wake wote, halifiki bar 10. Na injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila paipu inapokea pigo hilo mara 1,000 katika dakika hiyo hiyo.

Sasa, mahali paipu inapoungana na nozeli hapana raba wala washa. Ni chuma juu ya chuma. Ncha ya paipu ina umbo la pia, inakalia kishimo kilichochongwa kuipokea, na nati inaisukuma ikae. Basi. Kila kitu kinategemea nyuso mbili kukutana sawasawa. Punje moja ya mchanga ikiingia katikati, panavuja.

Mimi nikachukua spana namba 17 nikakaza. Panavuja. Nikakaza tena. Panavuja. Nikaona giza linaingia, dereva anatazama saa, nikatafuta kipande cha bomba nikakichomeka kwenye mkono wa spana ili nipate nguvu zaidi, nikavuta kwa uzito wangu wote. Chuma kikalia. Pakakauka.

Nilijua tayari kwamba hapo nimeharibu. Mzee alikwisha nionya mara kadhaa: ukikaza kupita kiasi, ile pia inabondeka, inapanuka, na tundu la ndani linaweza hata kubanwa. Leo itaziba, kesho itavuja zaidi, na safari hiyo spana haitasaidia tena. Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Nilipokuwa nimeinama niliona kwamba ile klampu inayozishika paipu mbili pamoja zisitikisike haipo, na paipu ya nne ilikuwa imesuguana na jirani yake mpaka chuma kikaingia kovu la kung'aa, kama mfereji mdogo. Paipu iliyoachwa bila kishikio hutetemeka na kila pigo la injini. Chuma nacho huchoka. Kikichoka, hupasuka pale pale penye kovu.

Nikaliona kovu lile. Nikachukua tambara, nikapangusa injini yote upande ule, nozeli, paipu, hata mahali ambapo hapakuhusika, mpaka pakang'aa. Kisha nikamwita dereva nikamwambia, "Safi, kaka. Nenda."

Akanipa shilingi 15,000. Hakuuliza kitu. Namba yake ya simu sikuichukua. Mtu unayemficha kitu, hutaki namba yake.

Kesho yake Mzee alirudi. Sikumwambia. Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu tulikuwa na injini nyingine inayovuja, akanionyesha namna ya kuifanya, na kila alilolifanya lilikuwa kama ananisomea mashtaka yangu ingawa hakujua neno.

Kwanza aliosha. Aliosha sehemu yote ile kabla hajagusa nati, kwa sababu uchafu ukiingia kwenye paipu iliyofunguliwa unakwenda moja kwa moja kuua nozeli. Kisha akapangusa pakavu kabisa, akawasha injini, akashika kipande cha boksi akakipitisha taratibu kandokando ya kila paipu. "Mafuta hushuka," akasema. "Panapodondoka sipo panapovuja. Na usitafute kwa kidole hata siku moja." Mafuta ya nguvu ile hupenya ngozi kama sindano. Kinachoonekana ni kitone kidogo, unaweza ukacheka, lakini nyama ya ndani inaanza kufa, na asiyewahi kwa daktari wa upasuaji anaweza kupoteza kidole au mkono.

Alipopata mahali, alizima injini. Akafungua nati huku spana ya pili imeshika kile chuma cha chini kisizunguke. Akaitoa paipu, akaitazama ile pia kwenye mwanga wa jua, akasafisha kishimo kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Akairudisha kwa vidole. Nasema vidole, kwa sababu paipu iliyokaa sawa nati yake huingia kwa vidole; ikikataa, jua paipu imekaa upande, na spana hairekebishi upande, inauficha tu. Mwisho akakaza kwa spana fupi, kwa kiasi. Akafunga klampu zote na raba zake. Halafu akalegeza nati za upande wa nozeli, nikapiga stata mpaka mafuta yakatoka bila mapovu, maana hewa ikibaki humo injini haiwaki vizuri, akakaza tena. Na paipu yenye kovu au ufa? "Hiyo ni ya kutupa," alisema. "Usichomelee. Ukichomelea umetengeneza bomu." Paipu mpya, basi.

Hapo nikashindwa kuvumilia, nikamweleza yote. Aliniangalia muda mrefu. Nikajitetea, nikasema, "Lakini Mzee, mbona siku tatu zimepita na hakuna kilichotokea?"

Akaniuliza neno moja tu: "Unajuaje?"

Ndugu zangu, neno hilo ndilo limenifanya niandike makala hii. Kweli, najuaje? Lori lile sijaliona tena. Nilikwenda kwenye yadi ya malori mara tatu kuulizia, nikapata watu wanaolikumbuka na wengine wasiolikumbuka, hakuna aliyejua liliko. Labda lilifika Iringa, tajiri akanunua paipu mpya, yakaisha. Labda lilipasuka paipu kwenye mlima Kitonga, usiku, silinda moja ikafa, likazima na mzigo mgongoni. Labda ukungu wa dizeli ulipeperushwa na feni ukagusa chuma cha eksozi chenye moto. Au labda lilitiririsha mafuta kwenye kona moja tu, likaenda zake salama, na kijana wa pikipiki aliyekuja nyuma akateleza. Huyo wa mwisho ndiye anayeninyima usingizi. Yeye hata dereva hakumwona. Hakuna polisi atakayeunganisha kona ile na spana yangu. Ningeweza kuwa nimeua mtu huku nakunywa chai.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili wenye fani yao walikwisha lihangaikia. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika juu ya kile walichokiita bahati katika maadili. Nilishtuka kuona kwamba wote wawili walitumia mfano wa dereva wa lori! Nagel anamwaza dereva aliyepuuza kukaguliwa breki zake. Mtoto akikatiza barabara, akagongwa, dereva huyo atajilaumu maisha yake yote kwa uzembe ule. Lakini mtoto asipokatiza, ni uzembe ule ule, na hana kikubwa cha kujilaumu. Madereva wawili, kosa moja, tofauti yao ni mtoto ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemtuma barabarani. Je, ni haki mmoja awe muuaji na mwingine awe baba mzuri arudiye nyumbani na mkate?

Jibu la haraka ni kusema wote ni sawa. Mahakama hutazama matokeo kwa sababu hayo ndiyo yanayoonekana. Dhamiri inatazama kitendo. Kwa hiyo mimi, kwa jibu hilo, nina hatia ya kuua hata kama hakuna aliyekufa. Nilijaribu kuliamini jibu hili, nikashindwa. Likichukuliwa mpaka mwisho, sote ni wauaji. Nani hajawahi kuvuka barabara bila kutazama, kuacha jiko linawaka, kumpa mtoto dawa kwa kukisia? Tena Williams anatukumbusha kwamba dereva aliyemgonga mtoto bila kosa lolote lake bado atajisikia tofauti na abiria aliyekaa pembeni yake, na tungemshangaa kama asingejisikia. Kilichotokea kina uzito wake. Siwezi kukitupa.

Jibu la pili ni la mtaani: lililopita limepita, Mungu kakuepusha, shukuru uendelee. Hili nalo lina utamu wake, lakini linanifanya niwe kama mcheza kamari aliyeshinda. Nilichukua maisha ya watu nikayaweka mezani, karata zikanipendelea, na sasa naitwa mtu mwema.

Nimefikiri sana, nami natoa langu, mlipime. Nadhani tulikosea kuuliza mwanzoni. Tunatafuta hatia kwenye matokeo, au kwenye spana. Mimi naiona kwenye tambara.

Niseme wazi. Kuungaunga si dhambi. Mji huu wetu unaendeshwa na vitu vilivyoungwa. Nani hajaona tangi la mafuta lililozibwa kwa sabuni ya mche? Hiyo ni hekima ya barabarani, inakufikisha kwa fundi. Na sabuni ile haimdanganyi mtu: iko nje, dereva kaiona, anajua ana tangi la sabuni na anaendesha kama mwenye tangi la sabuni. Hata paipu ile yenye kovu, kama ningemwambia dereva, "Kaka, hii nimeikaza vibaya, klampu haipo, na hapa pana kovu," bado angeweza kuondoka. Angeweza kusema mzigo hausubiri. Lakini angekwenda polepole. Angesimama Morogoro akafungua boneti. Angemwambia utingo wake asikilize injini. Angeamua mwenyewe, kwa macho yake, na pengine angemshika tajiri shati akadai paipu mpya.

Mimi nilimnyang'anya hayo yote kwa tambara. Uzuri ni kwamba tambara lenyewe halina kosa! Mzee naye alipangusa. Yeye alipangusa ili uvujaji uonekane, mimi nilipangusa ili usionekane. Na wizi huo ulikamilika pale pale gereji, kabla lori halijatoka getini. Haukungoja Kitonga. Kwa hiyo bahati, iwe nzuri au mbaya, ilikuja baadaye na haikuweza kuugusa. Ingeweza kuniongezea mzigo wa damu, ndiyo. Lakini lile deni la kwanza, la kumficha mtu hatari iliyo yake, bahati hailipi.

Wenzangu mnaoandika, msidhani hili ni la gereji tu. Mnaijua sura ile ya hadithi ambayo ndani yake jambo halijakaa sawa, na sisi badala ya kuifungua tunaipangusa kwa maneno matamu mpaka mhariri anasema safi. Tofauti ni kwamba hadithi haiui mtu kwenye kona. Basi tusijifariji sana.

Ningeweza kuishia hapo, nikaonekana mtu aliyetubu na kujua. Lakini mwezi uliopita ikaja Coaster moja ya zamani, ya abiria, inavuja. Nikaosha, nikakausha, nikapitisha boksi. Vipaipu vya raba vya kurudishia mafuta vilikuwa vimekauka na kupasuka, jambo dogo, nikabadilisha. Lakini paipu moja ya chuma ilikuwa na kovu, kama ile. Safari hii nikamwita dereva, nikamshika mkono, nikamwekea kidole chake karibu na kovu, injini imezimwa, nikamwambia kila kitu. Nikasema hii ibadilishwe, leo.

Akaniangalia usoni. "Dogo, unanitisha ili unipige hela." Akalipia vipaipu vya raba, akaondoka. Hakufika mbali, alisimama gereji ya jirani. Baada ya robo saa boneti ikafungwa, na kijana wa pale, rika langu, nikamsikia anasema, "Safi, kaka." Coaster ikaenda kupakia abiria.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ameona yote. Tulikosa pesa ya kazi ile na huenda tumempoteza yule mteja. Hakusema neno mchana kutwa, na mpaka leo sijui kama ukimya ule ulikuwa wa kunikubali au wa kuhesabu hasara.

Kwa dereva nililipa deni langu, hilo nina hakika nalo. Aliyajua aliyopaswa kuyajua, akachagua. Lakini ndani ya Coaster ile kulikuwa na viti visivyopungua ishirini, na kila aliyekikalia alikuwa anaweka maisha yake juu ya paipu ambayo mimi nilijua na yeye hajui. Kituo kilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Ningeweza kwenda nikapanda mlangoni nikawaambia. Wangenicheka, konda angenitoa kwa kofi, na kesho ningekuwa kichekesho cha mtaa mzima.

Sikwenda. Nilichukua tambara nikafuta spana zangu.

Ndugu msomaji, wewe ungefanyaje?